Ng'ombe Waingie Alhamisi

Jumapili ya mwisho ya Agosti mwaka wa 1741, watu wa Hackerby walipotoka kanisani walikwenda makwao kula. Ambrose Tuxford hakwenda kula. Alikwenda moja kwa moja shambani kuitazama ngano yake, akasimama mikono kiunoni, uso umemvimba kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe huku chakula kinanukia ndani.

Ngano yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma. Ilikuwa imekatwa, imefungwa miganda, imesimamishwa mafungu mafungu ikakauka vizuri kabisa. Mtoza zaka alikuwa ameshapita na kuchomeka tawi bichi kwenye kila mganda wa kumi, yaani fungu la kasisi. Kilichobaki ni mkokoteni uje uibebe. Na mkokoteni haukuwa na pa kupita.

Hackerby hakuna mtu aliyekuwa na shamba lake. Kulikuwa na mashamba matatu makubwa ya kijiji kizima, na ndani yake kila mtu alikuwa na kanda zake, nyembamba na ndefu, zimetawanyika huku na huko. Ambrose alikuwa nazo thelathini na moja, na ukizitafuta ungedhani babu yake alipiga chafya akiwa na kanda mdomoni. Mlilima pamoja, mlipanda pamoja, mlivuna pamoja, na siku waliyoitaja wazee kumi na wawili wa baraza, kengele ilipigwa na ng'ombe wa kijiji kizima wakaachiwa waingie kula mabua na kuacha samadi. Aliyekuwa na nafaka ndani bado, pole yake.

Asubuhi ile, kasisi alikuwa ametangaza siku ya Shamba la Mashariki. Alhamisi.

Mwaka ule Ambrose alikuwa na kanda tisa katika Shamba la Mashariki. Nane zilipatwa na ule ugonjwa unaogeuza punje kuwa masizi. Ukiyasugua masuke mkononi, unabaki na kiganja cha muhunzi. Ukanda wa tisa tu, huu wa kando ya kijito, ndio uliopona. Basi ngano hii haikuwa chakula tu, ilikuwa mbegu. Oktoba ikifika Ambrose hana mbegu safi, atapanda masizi, mwakani atavuna masizi, na watoto wake watatu walikuwa hawajajifunza kula masizi.

Kijito kilijipinda kama kiwiko, kikauzunguka ukanda huo pande mbili. Pande mbili zilizobaki zilikuwa za Silas Wragg. Ubavuni kulikuwa na ukanda wake mmoja, na huku mwisho, umelala kukingama, ukanda wake mwingine, ule ambao kila mwenye plau hugeuzia maksai wake anapofika ukingoni. Kanda zote mbili za Silas zilikuwa zimejaa ngano, imesimama, inapunga upepo, haina habari na mtu.

Silas mwenyewe alifika, anatembea kama mtu anayesindikiza jeneza la mtu asiyemjua. Alichuma suke, akalifikicha, akatia punje mdomoni, akatafuna, akaangalia mbinguni.

"Bado maziwa," akasema, yaani punje bado ni laini ndani, haijaiva.

"Ulisema hivyo Ijumaa," Ambrose akamwambia.

"Na Ijumaa nilisema kweli."

"Silas, kila mtu keshavuna. Mjane Pell keshavuna, na ana jicho moja!"

"Jicho halivuni, jirani. Mundu ndio unaovuna." Silas akachuma suke lingine, kana kwamba la kwanza lilikuwa limesema uongo. "Halafu Mjane Pell hakugeuziwa maksai kwenye ukanda wake. Mimi niligeuziwa. Oktoba nzima mmenikanyagia hapa, nikawangoja mmalize nyote ndipo nilime. Nani alimaliza wa mwisho?"

Ambrose akaanza kunyoosha mganda uliokuwa umenyooka tayari.

"Nani?"

"Mimi," Ambrose akasema kwa sauti ya chini, akiangalia viatu vyake.

"Basi nikapanda Novemba, mvua inaninyeshea mgongoni. Sasa unataka ngano ya Novemba iive pamoja na ya Oktoba. Iambie wewe. Mimi nimeshaongea nayo, hainisikii."

Kibaya zaidi ni kwamba mtu huyu alikuwa na haki. Angekuwa mjinga, Ambrose angemtukana akapumua. Kumtukana mtu mwenye haki ni kazi ngumu, na Jumapili ni ngumu zaidi.

Akaenda kwa Babu Coy, mkuu wa wale kumi na wawili wa baraza. Barnaby Coy alikuwa na umri wa miaka themanini na moja, hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kanuni zote za kijiji alikuwa nazo kichwani, na zilizofutwa pia. Alimkuta mlangoni kwake akila mkate na jibini, jibini nyingi kuliko mkate.

"Babu, naomba siku isogezwe. Wiki moja tu."

"Haisogei."

"Hujasikia sababu."

"Sababu naijua. Nimekuona umesimama pale kama kinyago cha kufukuzia kunguru." Babu Coy akameza. "Aprili iliyopita, barazani, kuna mtu alisimama akasema watu wa Hackerby wamezidi uzembe. Kila mwaka siku inasogezwa kwa ajili ya mvivu mmoja, na ng'ombe wanakonda. Akataka kanuni: siku ikishatangazwa kanisani haisogezwi kwa ajili ya mtu yeyote."

"Babu..."

"Akaongeza, 'hata akiwa askofu.' Tukacheka sana. Akataka na nyingine: mtu asipitishe mkokoteni, wala mnyama, wala mzigo mgongoni, juu ya nafaka ya mwenzake iliyosimama, na anayepitisha atoe shilingi kumi. Mimi nikasema mzigo mgongoni tumwachie, ni kitu kidogo. Yule mtu akapiga meza. Akamwaga bia yangu. Unamkumbuka?"

Ambrose alimkumbuka. Alikumbuka hata jinsi alivyorudi nyumbani siku ile akitembea kifua mbele, akimsimulia mkewe ule mstari wa askofu mara tatu.

"Nilikuwa nawasema wazembe, Babu. Mimi si mzembe. Mimi nimezingirwa."

"Kanuni haina macho, mwanangu, haijui kama umezembea au umezingirwa." Kisha mzee akalegeza sauti kidogo. "Na hata ningetaka, siwezi. Shamba lililopumzishwa limeliwa limebaki udongo. Ng'ombe wanalamba ukuta wa kanisa. Maziwa yamekata nyumba kumi na nne, na yako ni mojawapo. Nisogeze siku kwa ajili ya mganda wako, watoto wa watu wanywe nini?"

Hapo tena Ambrose akakuta mtu mwenye haki. Siku moja, wawili. Akaondoka bila hata kuonjeshwa jibini.

Dorcas, mkewe, alimsikiliza mpaka mwisho huku akikoroga uji wa shayiri. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, ila huruma yake hupita kwanza mdomoni.

"Kwa hiyo askofu hapiti, na wewe hupiti. Angalau mko wawili."

"Dorcas, usianze."

"Sijaanza, mzee wangu, uliyeanza ni wewe, Aprili." Akampa bakuli. "Kula. Kuna kijito. Kanuni yako ilisema chochote kuhusu kijito?"

Kanuni haikusema chochote kuhusu kijito. Jumatatu asubuhi wakaingia majini wote wawili, Ambrose na mganda begani, Dorcas nyuma yake akishika sketi kwa mkono mmoja na kumshika mume kwa mwingine. Maji yaliwafika kiunoni. Katikati Ambrose alikanyaga tope, akazama mpaka kwapani, na mganda ukanywa maji kuliko yeye. Walipofika ng'ambo walikuta ukuta wa udongo mrefu kuliko mtu, na juu yake amekaa mzee mmoja wa parokia ya pili na bomba lake la tumbaku, anawatazama kama watu wa maonyesho.

"Mnakwenda wapi na ngano hiyo?"

"Tunapita tu, mzee. Tunazunguka kwa daraja lenu turudi kwetu."

"Ikikanyaga huku, kasisi wetu naye atataka fungu lake la kumi."

"Imeshatolewa kule!"

"Kule ni kule." Mzee akavuta moshi. "Halafu daraja limevunjika. Tangu Pasaka."

Dorcas akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashindwa kusimama, na mume ndiye aliyebidi amshike asichukuliwe na maji. Walirudi na mganda ule ule, wakauanika juu ya kichaka, na baada ya siku mbili ukaanza kuota vichipukizi vya kijani. Ukiwa umeota haufai kwa mbegu wala kwa mkate. Wakawapa kuku.

Jumanne Silas alikuja, akatafuna, akasema, "Maziwa. Lakini mazito mazito."

Jumatano alikuja, akatafuna, akasema, "Jibini."

"Jibini ni nzuri?" Ambrose akauliza kwa pupa.

"Jibini ni nzuri kuliko maziwa. Ila nataka jiwe."

Hapo Ambrose alivua kofia. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno haya njia nzima. "Jirani Silas, mimi na Dorcas tutakuvunia zote mbili leo. Bure. Tutazifunga, tutazisimamisha, wewe ukae chini ya mti ule ututazame. Kesho ng'ombe wanaingia. Na yako si italiwa pia?"

Silas alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Yangu? Italiwa kwa nini? Mimi nina siku saba."

"Siku saba za nini?"

"Za ukanda wa kugeuzia. Wewe hujui? Kwa kuwa mnanikanyagia nachelewa kupanda, na kwa kuwa nachelewa kupanda nachelewa kuvuna, basi nina haki ya kuweka uzio siku saba baada ya kengele. Ni tangu enzi za mababu. Muulize Coy." Akakuna shingo. "Wewe hukuwahi kuwa na ukanda wa kugeuzia, ndiyo maana."

Ambrose alikuwa ameishi Hackerby miaka arobaini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia. Alikaa chini pale pale kwenye mabua. Halafu, taratibu, akili yake ikaanza kuzunguka lile jambo kama mbwa anayezunguka kabla ya kulala. Uzio wa Silas ungeziba pande mbili. Pande mbili nyingine ni maji.

"Silas! Uzio wako ukikaa, na mimi nimo ndani!"

"Umo, ndiyo."

"Sasa kwa nini hukusema tangu Jumapili?"

"Hukuuliza uzio. Uliuliza ngano imeiva au bado."

Ambrose alishika kofia yake kwa mikono miwili akaikunja. Afadhali kofia kuliko shingo. "Haya. Haya, jirani. Uweke uzio wako, basi, leo hii."

"Sina."

"Huna nini?"

"Uzio. Zile fito nilizichoma Januari. Baridi ile unaikumbuka?" Silas akatabasamu, tabasamu la mtu asiye na deni na dunia. "Lakini wewe unazo. Nimeziona kwenye zizi lako la kondoo."

"Yaani mimi nibebe uzio wangu, nije kujenga boma, nilinde ngano inayoifungia njia ngano yangu?"

"Ukiisema hivyo inasikika vibaya," Silas akakubali.

Akabeba. Jumatano mchana kutwa, Ambrose na Dorcas walihamisha uzio wa fito, kipande kimoja kimoja mgongoni, robo saa kwenda na robo saa kurudi, na kondoo wao wakabaki wamefungwa kamba kwenye mguu wa meza jikoni. Silas aliwashikia nyundo. Vipande vilitosha kanda zake zote mbili. Upande wa kijito havikubaki hata vya kuziba mwanya wa bata.

"Maji yatawazuia," Silas akasema.

"Ng'ombe wanaogopa maji?" Dorcas akauliza.

"Wengine."

Alhamisi kengele ikalia, na ng'ombe mia moja na hamsini wa Hackerby wakaingia Shamba la Mashariki kama waumini waliochelewa kwenye karamu ya harusi. Wanakijiji walisimama kando wakishangilia. Ambrose hakushangilia. Alikuwa ndani ya kijito karibu na ukingo, na fimbo, maji magotini, anawatazama. Kila aliyepita alikuwa na neno la kumwachia.

"Tuxford! Unavua nini leo?"

"Anamsubiri askofu avuke!"

"Jirani, ukichoka kusimama, kaa!"

Aliwatazama ng'ombe wakila mabua. Saa nzima walikula kwa adabu. Mchunga ng'ombe alipitapita kwenye uzio, akarudisha wachache waliosogeza pua. Kisha jua likapanda, wakaona kiu, wakaja majini, na Ambrose akaanza kukimbia. Alikimbia juu, akakimbia chini, fimbo inapiga maji, akawatisha, akawatukana kwa majina ya wenyewe, "We wa Pell! We wa Coy, huna aibu, na umri wako!" Wakanywa, wakamtazama, wakaondoka. Wote, isipokuwa mmoja.

Mmoja aliinua kichwa, akasikia ile sauti, na masikio yakasimama. Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, aitwaye Nyota, na Nyota alikuwa wa Ambrose mwenyewe. Alimlea kwa mkono tangu ndama, mama yake alipokufa. Alimzoesha kuja akiitwa. Sasa bwana wake alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, na Nyota akaelewa kwamba anaitwa. Akatumbukia.

"Rudi! Rudi, mwanaharamu we, rudi!"

Nyota akaongeza mwendo. Alimpita bwana wake akimlamba mkono njiani, akapanda ukingo, akaingia kwenye miganda kama bibi harusi anayeingia ukumbini, na kwa kuwa mmoja ameonyesha njia, wengine sita wakafuata.

Ambrose alimsukuma Nyota kwa bega. Alimvuta mkia. Alimkumbatia shingo. Siku ya kawaida ng'ombe kama huyu ungemwita mnyang'anyi, ungempeleka kwenye boma la wanyama wazururaji na mwenyewe atozwe. Lakini kengele ilikuwa imeshalia, na baada ya kengele hakuna ng'ombe anayezurura, wote wako mahali pao. Isitoshe mwenyewe wa kutozwa ni yeye.

Ni Dorcas aliyeokoa mambo. Alikuja anakimbia na kondoo wake watatu bado kwenye kamba, alikuwa amewatoa jikoni kuwalisha njiani na hakuwa na pa kuwaacha, na ndoo ya pumba mkononi. Hakupiga kelele. Aliitikisa tu ile ndoo, akaingia nayo majini, na ng'ombe wote saba wakamfuata wakitoka kama wanafunzi wanaomfuata mwalimu.

"Usiongee," akamwambia mumewe alipopita. "Tangu sasa ukiwa hapa, usiongee kabisa. Sauti yako ndiyo chakula."

Wakahesabu. Miganda hamsini na mbili ilikuwa imebaki thelathini na saba, na mitano ya hiyo ilikuwa na tawi la kasisi. Nyota alikuwa na adabu ya dini, fungu la Mungu hakuligusa hata moja.

Akalinda siku tano. Kila kukicha ng'ombe walipoletwa yeye yupo majini, na walipoondolewa jioni alitoka, vidole vya miguu vimekunjamana kama matunda makavu. Hakusema neno. Hakuna aliyewahi kumwona Ambrose Tuxford amenyamaza siku tano, na watu walikuja kutazama hilo zaidi ya ngano. Jumapili alikosa ibada, akatozwa na hilo.

Kila asubuhi Silas alikuja, akaruka uzio, akatafuna.

"Jibini."

"Jibini ngumu."

Jumatatu wingu jeusi lilitoka magharibi. Ambrose aliliona. Kama likinyesha juu ya miganda thelathini na saba, yote itaota kama ule wa kuku. Alitoka majini, akamwendea Silas, na kwa kuwa alikuwa amekatazwa kuongea, alinyoosha kidole mbinguni.

Silas akatazama wingu. Akachuma suke, akafikicha, akatia punje mdomoni. Alitafuna muda mrefu, huku kule mbali ngurumo inajikohoza. Ikasikika: kap.

"Jiwe," Silas akasema. "Kesho tunavuna."

"LEO!" Ambrose akapiga ukelele, na kule ng'ambo ya shamba Nyota akainua kichwa.

Walivuna leo. Walijipanga kwenye ukanda wa kugeuzia, kwa maana ndio unaofungua njia, na kwa desturi mwenye ukanda ndiye anayeongoza mstari na hakuna anayempita. Silas mbele, Ambrose nyuma yake, Dorcas nyuma yao akifunga. Silas alishika mashina, akayapanga vizuri mkononi, akakata, akalaza chini, akanyoosha mgongo, akatazama upande huu na upande ule. Kisha akashika mengine. Mundu wa Ambrose ulikuwa unangoja hewani, umebaki shibiri moja na visigino vya mtu.

Tone la kwanza la mvua lilimdondokea shingoni.

"Mbona unahema hivyo, jirani?" Silas akauliza bila kugeuka. "Utajiumiza. Tumebakiza nusu tu."

Ambrose akauma midomo. Dorcas aliona, akaacha kufunga, akaenda kuleta mkokoteni, akang'oa kipande kimoja cha uzio kuupitisha, akausogeza karibu kabisa na mahali mundu wa Silas ulipokuwa umefika, farasi anamhemea Silas kwenye kofia. Silas akakata. Farasi akapiga hatua moja. Silas akakata. Farasi akapiga hatua moja. Hivyo ndivyo walivyouvuka ukanda ule, mtu, mtu, mwanamke na farasi, na gurudumu la nyuma lilipotoka kwenye mabua ya Silas na kugusa mabua ya Ambrose, mvua ilikuwa imeanza kunyesha kwa kweli, na Ambrose alishaanza kurusha miganda miwili miwili, na Silas, aliyekuwa amemaliza ukanda wake wa kugeuzia na angeweza kwenda nyumbani, alikaa pale kwenye mvua akiipokea juu ya mkokoteni na kuipanga, mmoja mmoja, masuke yakiangalia ndani, taratibu mno, lakini vizuri.